Kisa cha injini ya Theta II: kosa lilijulikana 2015, gari zikaendelea kuongezeka kwenye orodha

Wengi wakisikia kampuni ya magari imeyaita magari yake yarudi kukaguliwa wanaona stori imeishia hapo. Kosa limeonekana, kampuni imetangaza, gari linatengenezwa bure, basi. Ndo maana hiki kisa cha Hyundai na Kia na injini yao ya Theta II kule Marekani napenda kukichambua, kwasababu chanzo cha tatizo kilielezwa tangu 2015 na maelezo yalikuwa yanaeleweka vizuri tu, ila ugomvi wote uliokuja baadaye, faini, kesi, mtu kufukuzwa kazi, ulihusu jambo lingine kabisa: gari zipi zimo kwenye wito na zipi zimeachwa, na huo mpaka umewekwa kwa kigezo gani.

Tuanze na injini yenyewe maana bila kuielewa huwezi kuona mpaka ulikosewa wapi.

Theta II ni injini ya petroli ya silinda nne, kuna ya lita 2.4 na kuna ya 2.0 yenye tabo. Hyundai waliifunga kwenye Sonata na Santa Fe Sport, Kia wakaifunga kwenye Optima, Sorento na Sportage. Hawa wawili ni kundi moja la kampuni, injini ni za familia moja, hilo liweke kichwani.

Ndani ya injini kila pistoni imeshikwa na konrodi, na konrodi kwa chini inakumbatia pini ya kranki, yani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ndo kranki inazunguka. Kati ya konrodi na kranki kuna beringi, siyo ile ya gololi, hii ni vipande viwili vya chuma chembamba vilivyopinda nusu duara vikapakwa madini laini kwa ndani. Nafasi inayobaki pale ni sehemu za mia za milimita tu, na humo inatakiwa ikae oili yenye presha muda wote. Injini ikiwa nzima na inazunguka, kranki na beringi hazisuguani, katikati kuna oili. Sasa kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa barabarani, kranki inazunguka mara 50 kwa sekunde moja, so oili ikipungua pale hata kidogo joto linapanda haraka sana, yale madini laini yanaanza kulika, nafasi inaongezeka, presha ya oili inazidi kushuka, na ikishaanza hivyo hairudi nyuma.

Oili inafikaje kwenye pini? Pampu inaivuta kutoka sampu, bakuli la oili chini ya injini, inapita kwenye filta, inaingia kwenye njia kuu ya bloku, yani mwili wa injini, inafika kwenye beringi kubwa za kranki, alafu inaingia ndani ya kranki kwenyewe kupitia vitundu vilivyotobolewa kwa mashine mpaka inatokea kwenye pini. Hivyo vitundu vikitobolewa kiwandani vinaacha chembe na makali ya chuma pembeni, lazima vichongwe na kusafishwa. Hyundai walisema kwenye injini zilizotengenezwa kiwanda chao cha Alabama kule Marekani, kabla ya utaratibu wa kusafisha kubadilishwa Aprili 2012, mabaki ya chuma huenda hayakuondolewa yote. Yanakaa kwenye njia ya oili, yanaibana, beringi inakosa oili.

Hapa kuna kitu wengi wanakipita. Hayo mabaki yako baada ya filta. Filta kazi yake ni kukamata uchafu unaotoka sampu kabla haujaenda juu, sasa uchafu uliozaliwa ndani ya kranki filta itaukamata vipi, wenyewe uko mbele yake tayari. Kwahiyo mwenye gari hata awe anamwaga oili mapema kuliko kitabu kinavyosema haimsaidii kwa tatizo hili. Ukilijua hilo ndo utaelewa kwanini watu walipandwa na hasira pale walipofika kwa wakala na injini inagonga wakaanza kuulizwa risiti za kubadilisha oili za miaka yote, na asiye nazo anaambiwa waranti yake haifanyi kazi. Hili lilijitokeza sana kwenye kesi zilizofuata.

Dalili ya kwanza ni kugonga, ko-ko-ko inayoongezeka ukikanyaga mafuta. Mafundi wanasema injini imenoki. Ukiendelea nayo injini inaweza kukamata na kuzima gari likiwa kwenye mwendo, au konrodi inakatika na kutoboa bloku, oili inamwagikia bomba la moshi lililo na joto kali, moto unaanza.

Septemba 2015 Hyundai wakatangaza wito Marekani, kama gari 470,000, zote Sonata, modeli za 2011 na 2012. Ikaguliwe, ikionekana na dalili ibadilishiwe injini bure, na waranti ya injini ikaongezwa.

Kwa sheria ya Marekani, injini kuchakaa mapema peke yake siyo lazima iwe kosa la usalama. Inaweza kuhesabiwa kuwa suala la ubora, mambo ya waranti, mteja analalamika kampuni inatengeneza au inakataa yanaisha huko. Inakuwa kosa la usalama pale linapoleta hatari isiyokubalika kwa watu, mfano gari kuzima ghafla kwenye barabara kuu, na kampuni ikishafikia kwamba kuna kosa la namna hiyo ina siku 5 za kazi kuiambia mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA. Unaona motisha ilipo. Kampuni yoyote ingependa tatizo likae kwenye upande wa waranti muda mrefu iwezekanavyo, na likilazimika kuvuka kuja upande wa usalama basi livuke na gari chache.

Kwa Theta II likavuka na Sonata za miaka miwili. Sababu ya kuishia hapo ilikuwa ule mwezi wa Aprili 2012: utaratibu ulibadilishwa, kwahiyo injini za baada ya hapo ziko salama, na tatizo ni la kiwanda cha Alabama, siyo la kwingine. Kwa karatasi inaonekana safi kabisa. Kosa la uchambuzi, kwa maoni yangu, ndo liko hapa. Mpaka wa wito uliwekwa kwa kufuata nadharia ya chanzo badala ya kufuata dalili. Ukishaamini kwamba chanzo ni uchafu wa kipindi fulani kwenye kiwanda fulani, basi gari la 2013 likija linagonga vilevile utalihesabu kuwa kesi ya peke yake, mteja hakubadilisha oili, bahati mbaya, chochote, maana nadharia haimruhusu kuwepo. Wakati ilitakiwa kinyume chake, beringi za pini zinazokufa kwenye gari za 2013 na 2014 na kwenye Kia ndo zilitakiwa ziiangushe nadharia.

Na zilikuja kuiangusha. Tarehe 31 Machi 2017 Hyundai wakaita gari nyingine kama 572,000, Sonata na Santa Fe Sport za 2013 na 2014, na Kia ambao 2015 hawakuwemo kabisa wakaita kama 618,000, Optima za 2011 mpaka 2014, Sorento za 2012 mpaka 2014 na Sportage za 2011 mpaka 2013. Jumlisha hizo mbili ni karibu milioni 1.2, zaidi ya mara mbili ya wito wa kwanza. Na angalia miaka, Optima za 2011 zilikuwa barabarani kipindi chote hicho sambamba na Sonata za 2011 zilizoitwa, injini ya familia ileile, mmoja kapata barua mwaka na nusu kabla ya mwenzake. Safari hii maelezo yalikuwa mapana, makosa kwenye uchongaji wakati wa kutengeneza injini yanayofanya beringi ziishe mapema. Ule mwezi wa Aprili 2012 haukuwa na kazi tena.

Kati ya hizo tarehe mbili kuna mtu anaitwa Kim Gwang-ho. Alikuwa injinia wa Hyundai kule Korea Kusini, alikaa kampuni hiyo zaidi ya miaka 25, na mwaka 2015 alikuwa upande wa ubora ambako aliona ripoti ya ndani iliyokuwa inawaonya wakubwa kwamba kampuni haichukui hatua za kutosha juu ya kasoro ya injini. Agosti 2016 akapanda ndege mpaka Washington akaikabidhi NHTSA nyaraka. Aliwapa pia mamlaka za nyumbani kwao. Novemba mwaka huohuo akafukuzwa kazi, kampuni ikisema amevujisha siri za biashara.

Watu wanapenda kumsimulia Kim kama shujaa na mimi sina ubishi na hilo, ila kwenye kisa kama hiki cha kuzingatia zaidi ni alichobeba. NHTSA tayari walikuwa na malalamiko ya wenye magari, walikuwa na taarifa za kampuni, na wito wa kwanza ulishafanyika. Malalamiko yanaonyesha injini zinakufa. Hayaonyeshi kampuni inajua nini na ilijua lini, na hapo ndo ile sheria ya siku 5 inaposhika au kuachia. Kitu pekee kinachojibu hilo ni makaratasi ya ndani, na makaratasi ya ndani hayatoki bila mtu wa ndani. Usitegemee mkaguzi wa serikali aliyekaa Washington aje ayaone peke yake.

Korea nako mpaka ulitembea. Mwanzoni msimamo ulikuwa kwamba hili ni la kiwanda cha Marekani, wateja wa Korea hawahusiki, wakaongezewa tu waranti. Aprili 2017, siku chache baada ya ule wito mkubwa wa Marekani, zikaitwa gari zaidi ya 170,000 za Hyundai na Kia ndani ya Korea kwa injini hiyohiyo ya Theta II.

Tuje kwenye matengenezo, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo sehemu watu wanayoiamini zaidi ya inavyostahili. Wito wa usalama haukumaanisha kila mwenye Sonata anapewa injini mpya. Ulimaanisha gari linakaguliwa. Na ukaguzi wenyewe kwa sehemu kubwa ni kusikiliza, fundi wa wakala anapima sauti ya injini aone kama kuna mlio wa beringi kugonga. Inagonga, unabadilishiwa. Haigongi, unarudishiwa gari lako na injini yako ileile. Sasa hii njia inamkamata ambaye beringi imeshaanza kwenda, yule ambaye njia yake ya oili imebanwa lakini beringi bado inapambana anatoka pale na karatasi inayosema gari limekaguliwa. Kufungua injini zaidi ya milioni moja na nusu kuangalia kranki moja moja haiwezekani, naelewa, lakini tusiite hiyo kuondoa kosa.

Na waliobadilishiwa injini nao hawakupona wote moja kwa moja. Januari 2019 Hyundai na Kia wakaita tena gari 168,000, kama 100,000 za Hyundai na 68,000 za Kia, kwasababu zile zilizobadilishiwa injini chini ya wito wa mwanzo huenda bomba la mafuta la presha kubwa liliharibika au halikufungwa sawasawa wakati wa kazi, petroli inaweza kuvuja na kushika moto. Yani wito ulioletwa na wito. Kwenye injini ya aina hii petroli inapelekwa kwenye silinda kwa presha kubwa sana, bomba likikaa upande kidogo au nati ikakazwa vibaya siyo jambo la matone mawili. Na ukitaka kazi ya kushusha na kupandisha injini ifanywe na mawakala nchi nzima kwa maelfu na maelfu, kwa haraka, makosa ya mikono yatakuwepo, hilo nalo ni sehemu ya gharama ya kuchelewa, kazi ambayo ingegawanyika kwa miaka inakuja kwa mkupuo.

Baadaye wakaja na programu. Injini za kisasa zina sensa ya noki, kazi yake ya kawaida ni kusikia mlipuko usio wa wakati wake ndani ya silinda ili kompyuta irekebishe. Wakaandika programu mpya inayotumia sensa hiyohiyo kusikiliza mtetemo wa beringi inayoanza kufa, ikiusikia inawasha taa ya injini kwenye dashibodi inawakawaka na kupunguza nguvu ya gari ili dereva afike gereji kabla konrodi haijatoboa kitu. Kiufundi ni kazi nzuri, sitabisha, ni rahisi na haiongezi kifaa chochote. Ila elewa inachofanya: inangoja beringi ianze kuharibika ndo iseme. Na kwenye makubaliano ya ile kesi ya pamoja ya wenye magari, yaliyotangazwa Oktoba 2019 na kugusa kama gari milioni 4, ile waranti ya maisha ya injini waliyopewa iliwekewa sharti kwamba programu hii iwe imeshawekwa. Asiyeiweka amejitoa mwenyewe.

Moto ni mada inayojitegemea na nitaipita haraka. Aprili 2019 NHTSA walifungua uchunguzi wa gari kama milioni 3 za Hyundai na Kia wakiwa na ripoti zaidi ya 3,100 za moto na majeruhi 103. Watu huwa wanazichukua namba hizo na kuzipachika zote kwenye kranki ya Theta II, siyo sahihi, humo mna modeli na injini nyingine pia na vyanzo tofauti. Ukichambua kisa hiki kwa namba za moto pekee utapotea.

Pesa sasa. Tarehe 27 Novemba 2020 NHTSA wakatangaza makubaliano na kampuni zote mbili, tuhuma zikiwa walichelewa kuita gari milioni 1.6 zenye Theta II na kwamba taarifa nyingine walizotoa kuhusu wito hazikuwa sahihi. Hyundai dola milioni 140, Kia dola milioni 70, vichwa vya habari vikaandika milioni 210. Ukifungua ndani inagawanyika hivi: Hyundai walilipa taslimu milioni 54, milioni 40 wakatakiwa wazitumie kwenye hatua za usalama ikiwemo kujenga maabara ya kupima magari Marekani, na milioni 46 zikawekwa kando, zinadaiwa tu wakivunja makubaliano. Kia taslimu milioni 27, milioni 16 za hatua za usalama, milioni 27 kando. Kwahiyo iliyoingia serikalini kama faini hasa ni 81, nyingine inabaki kwenye mikono ya kampuni au haitoki kabisa. Mwezi mmoja kabla yake, Oktoba 2020, Hyundai na Kia walitenga kwa pamoja zaidi ya won (pesa ya Korea) trilioni 3 kwa ajili ya gharama za injini, karibu dola bilioni 3. Linganisha mwenyewe. Kilichowauma ni injini na waranti, faini ilikuwa ndogo mno pembeni yake, na anayedhani kampuni zinaogopa mamlaka kuliko zinavyoogopa bili ya waranti aangalie hizo namba mbili tena.

Na hiyo 81 ndo iliyomlipa Kim. Desemba 2015, miezi mitatu tu baada ya wito wa kwanza wa Sonata, Marekani ilipitisha sheria inayoruhusu mfanyakazi wa kampuni ya magari anayefichua kasoro ya usalama apewe kati ya asilimia 10 na 30 ya faini iliyokusanywa, ikiwa inazidi dola milioni 1. Novemba 2021 NHTSA wakatangaza zawadi ya zaidi ya dola milioni 24, ya kwanza kabisa chini ya sheria hiyo, ambayo ni asilimia 30, kiwango cha juu. Inahesabiwa kwenye iliyokusanywa, siyo kwenye 210 ya magazetini. Kanuni zenyewe za kuendesha mpango huo zilikuwa bado hazijatoka, zilikuja kukamilika Desemba 2024, miaka 9 baada ya sheria. Mtu alifukuzwa kazi 2016, sheria ya kumlinda ipo, kanuni hazipo, pesa inafika 2021. Injinia mwingine anayekaa na faili kama lile mezani kwake atapiga hesabu ya hiyo miaka mitano kabla hajapiga hesabu ya milioni 24.

Turudi kwenye ule mpaka maana haukuishia 2017. Desemba 2020, ndani ya wiki mbili baada ya makubaliano ya faini, Hyundai waliita gari nyingine kama 129,000 Marekani, Santa Fe za 2012, Veloster za 2015 na 2016, Sonata za haibridi (zinazotumia petroli na umeme) za 2011 mpaka 2013 na za 2016. Sababu iliyoandikwa: beringi za konrodi zinaweza kuisha mapema. Kuna watu kwenye hiyo orodha walikuwa na Sonata ya 2011 tangu siku ya kwanza ya kisa hiki, ila ilikuwa ya haibridi, so waliipata barua yao miaka mitano baada ya mwenye Sonata ya kawaida.